Mama anamsubiri baba tuliyemzika

*Shangazi, shikamoo. Baba alipofariki mwaka juzi tulimtoa mama Machame, nikamleta kwangu Kimara apumzike. Ana miaka 73. Asubuhi sisi tunakwenda kazini na watoto shuleni, anabaki na dada wa kazi na runinga, ambayo anaifungulia sauti hadi jirani analalamika. Siku hizi anauliza kitu kilekile mara tatu, na wiki iliyopita alisimama getini akisema anamsubiri baba. Dada yangu anasema ni uzee tu. Kaka anasema ni upweke niliomletea mimi, nimrudishe kijijini. Nimechanganyikiwa.*
*Kitindamimba, Kimara*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Nianze na dada yako, maana kauli kama hiyo huwachelewesha wazee wengi kufika hospitali. Kusahau ulipoweka miwani ni uzee. Kumsubiri getini mume uliyemzika ni jambo la kumwona daktari. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, kwenu kabisa, ulikuta wazee kama 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Wengine wote wamezeeka bila ugonjwa huo.

Kaka yako ana nusu ya ukweli. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Kukaa mbali na watu ni mojawapo. Lakini ugonjwa huu huanza kimyakimya miaka mingi kabla, na mara nyingine mzee hukwepa watu kwa sababu mazungumzo yameshaanza kumpotea. Usikubali kubebeshwa hatia hiyo.

Kilichonishtua mimi ni runinga. Wewe umeiandika kama kero ya jirani, mimi naona mama hasikii vizuri. Kupungua kusikia nako kumo katika yale 14, na huzaa upweke hata nyumba ikiwa imejaa: mzee hukisia kinachosemwa, huchoka, huona aibu kuomba arudiwe, mwisho hukaa kimya na nyinyi mkadhani ametulia. Mpeleke akapimwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu imeziba. Hapohapo apimwe presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, na mbebe dawa zote anazomeza daktari azione. Mweleze daktari habari za msiba pia, kwa sababu sonona, yaani huzuni nzito isiyokoma, kwa mzee huweza kufanana sana na demensia, nayo inatibika.

Sasa hilo la kupumzika. Mama aliyezoea kukata majani ya ng'ombe alfajiri, kupeleka ndizi sokoni na kusalimiana kwa Kimachame na kila anayekutana naye njiani, leo anashinda kwenye kochi. Najua ulifanya kwa upendo, ila kazi na watu vimemtoka kwa mkupuo mmoja. Mpe kazi ambayo nyumba inaihitaji kweli. Amenye ndizi za mtori, hata kama chakula kitachelewa, na dada akae amenye naye. Wajukuu wazungumze naye wakimtazama usoni, runinga ikiwa imezimwa. Mtafutie usharika wa karibu wenye kikundi cha akina mama, na Wamachame wenzake hapo Kimara. Hukohuko Hai, wazee wenye demensia walikutanishwa katika vikundi vidogo, wakawa wanazungumza na kufanya shughuli pamoja, na uwezo wao wa kufikiri ukapata nafuu. Kwa ugonjwa ambao bado hauna dawa ya kuuponya, hilo si dogo.

Kumrudisha Machame? Subiri majibu ya daktari, na muulize yeye mwenyewe. Kisha kaka aseme ni nani atalala naye pale kihambani, nani atamkumbusha dawa. Kama nyumba ni tupu, mtakuwa mmemhamishia upweke wake kwenye baridi.

Akimuulizia baba tena, usimtangazie kifo upya kila mara, maana atakipokea kama cha leo. Mwambie, "Umemkumbuka baba, mama?" umwache akusimulie. Na dada wa kazi awe na namba yako, ahakikishe geti limefungwa, na aangalie ni saa ngapi mama hupenda kutoka, ili muda huo watoke pamoja.