Barua ya onyo kwa kuangalia tamthilia kazini

Dadangu pole sana, hiyo barua ya onyo uliyopewa kwa kuangalia tamthilia mapokezi hapo gesti Shela, Lamu, isikukoseshe usingizi, bado hujafutwa. Lakini ntakwambia ukweli kama nduguyo, waifai ya hapo ni ya wageni kwanza, na Netflix kwa picha safi yaweza kula hadi GB 3 kwa saa moja, sasa mgeni ndo kwanza ashuka boti, jua limemchoma, ataka kuwapigia nyumbani video yakwama kwama, na wewe simu umeiegemeza kwenye kitabu cha wageni, bosi asione kweli? Mjibu kwa maandishi, kiri, omba radhi, muulize saa ya mapumziko waruhusiwa nini. Tamthilia daunlodi nyumbani usiku. Akitaka kukufuta, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kifungu cha 41 yamtaka kwanza akueleze kosa kwa lugha unayoielewa na akusikilize, tena una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako, usiende peke yako tafadhali. Na ile WhatsApp uliyosema huiacha wazi kwenye kompyuta ya mapokezi, ifunge leo leo, hiyo ndo yanitia hofu zaidi, watu wa zamu ya jioni wote waisoma.