Kuua kwa hasira ya ghafla: jinsi ya kuzitumia kesi, si kuzitaja tu

Jina tulilozoea la kosa hili, kuua bila kukusudia, linapotosha. Anayeua kwa hasira ya ghafla mara nyingi alikusudia kabisa: kisu alikishika mwenyewe na alijua anamchoma nani. Kinachopunguza kosa ni kwamba sheria huihesabu ghadhabu ile kuwa imeondoa dhamira ovu, yaani ile nia inayofanya kuua kuitwe mauaji. Ukiandika kwenye jibu lako "hakukusudia, basi si mauaji", umeshakosea kabla ya kutaja kesi yoyote.

Katika sheria ya kimapokeo ya Marekani (common law, iliyojengwa na maamuzi ya mahakama) unathibitisha mambo manne: uchokozi unaoweza kumtoa mtu wa kawaida kwenye akili yake, mshtakiwa mwenyewe aliwaka kweli, hakuwa na muda wa kutosha kupoa, na hasira hiyo ndiyo iliyomfanya aue. Ugomvi mkubwa huwa kwenye la kwanza na la tatu.

Anza na kesi ya Maher ya Michigan, 1862. Mume aliwaona mkewe na mwanamume mwingine wakiingia msituni, akamfuata yule bwana hadi kwenye baa. Njiani akaambiwa kwamba hata jana yake walikuwa huko. Akaingia, akampiga risasi. Wengi hunukuu kesi hii kana kwamba mtu alikufa, hakufa. Shtaka lilikuwa shambulio la kutaka kuua, na mahakama ikasema ushahidi wa yaliyotangulia ulipaswa kufika mbele ya juri, yaani raia wanaoamua ukweli wa kesi. Kwa hiyo Maher inakupa hoja kwamba kutosha kwa uchokozi kwa kawaida huamuliwa na juri. Haisemi kwamba kila mume aliyesalitiwa atapunguziwa kosa.

Upande wa pili weka kesi ya Girouard ya Maryland, 1991. Mke alimtukana mumewe maneno makali mno, naye akamchoma kisu mara 19. Mahakama ilishikilia kwamba maneno matupu hayatoshi, hata yakiuma namna gani.

Kwenye muda ndiko jibu zuri linakojitofautisha. Gounagias (Washington, 1915) aliua wiki kadhaa baada ya kudhalilishwa, akikerwa na dhihaka za watu. Ikaonekana muda umepita. Berry (California, 1976) alimsubiri mkewe nyumbani saa 20, na bado mahakama ikasema juri ilistahili kuelekezwa kuhusu hasira ya ghafla, kwa sababu uchokozi ulirundikana kwa wiki mbili. Usiziandike kama orodha. Uliza: tukio la mwisho liliwasha moto mpya, au lilikumbusha tu wa zamani?

Chukua mfano. Saa 2:10 usiku mtu anasoma ujumbe wa mapenzi kwenye simu ya mwenzake. Saa 2:50 anafika mlangoni kwa hawara akiwa na kisu alichopitia kukichukua jikoni. Dakika 40 peke yake hazisemi kitu. Kile kisu cha jikoni kinasema, kwa kuwa kinaonyesha alifikiri njiani. Mtetezi ataegemea kesi ya Maher hapo, mwendesha mashtaka atasema Maher alikuwa na macho yake mwenyewe msituni, huyu alikuwa na maandishi tu.

Mwisho, angalia jimbo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. New York inatumia kigezo cha msukosuko mkubwa wa kihisia, na kwa kesi ya Patterson (1977) mshtakiwa anaweza kubebeshwa mzigo wa kuuthibitisha. Penye kanuni ya kimapokeo, kesi ya Mullaney (1975) inaubakiza mzigo kwa upande wa mashtaka, hoja ikishaibuliwa ipasavyo.