Injinia kijana, kujitolea kunanijenga au kunanipotezea muda?

SWALI: Shikamoo injinia. Nina digrii ya uhandisi wa ujenzi na miaka miwili kazini, kutwa niko kwenye kompyuta nachora drowingi za makalavati na kupiga hesabu za vifaa, saiti naionea kwenye picha tu. Sasa kuna kikundi cha wahandisi wanaojitolea wamenitaka tujenge daraja la waenda kwa miguu mahali ambapo mto ukijaa watoto hawaendi shule. Bosi anasema ni kupoteza muda, nikazanie kwanza usajili wa kutambuliwa rasmi kama injinia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nenda, ila usiende kichwa kichwa.

Bosi wako ana hoja, usajili ni muhimu sana. Lakini wanaokusajili hawaishii kuhesabu miaka uliyokaa ofisini, wanataka kuona umesimamia nini, umeamua nini na nani alikuwa anakukagua. Kwa hiyo kabla hujakubali kitu waulize hao wenzako: injinia mkuu wa mradi ni nani, amesajiliwa, atakuwepo saiti, na atanisainia logibuku, yaani daftari la kumbukumbu za kazi nilizofanya? Wakikwambia tunakutegemea wewe peke yako, kataa kabisa. Daraja likianguka hakuna atakayeuliza kama ulilipwa.

Yakiwa sawa hayo, utajifunza vitu ambavyo kwenye kompyuta huvipati. Chukua zege tu. Ofisini unaandika nguvu unayoitaka unafunga faili, kule fundi anaongeza ndoo ya maji ili zege limwagike kirahisi, na maji yakizidi nguvu inashuka. Inabidi uchukue ile koni ya kupimia yenye kimo cha milimita 300, ujaze tabaka 3, kila tabaka ulichome na fimbo ya chuma mara 25, halafu uinue koni taratibu upime zege limeshuka kiasi gani, na likishuka kupita kipimo unalikataa, tena mbele ya watu waliobeba kokoto tangu asubuhi. Kusema hapana pale, kwa heshima na bila kutetereka, mimi naona ndo uinjinia wenyewe! Na vile vipande vya zege mnavyomwaga pembeni ili vivunjwe kupima nguvu, vya siku 7 na vya siku 28, usiviache vikasahaulika.

Kabla ya hapo tembea na wazee wakuonyeshe maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa, linganisha na hesabu zako za kimo cha daraja.

Kuhusu bosi, kuna mfano mzuri. Mwaka 1979 injinia kijana Mwingereza, Peter Guthrie, alienda kufanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi Malaysia, akaona wahandisi wanahitajika mno kwenye majanga, na mwaka 1980 akaanzisha RedR, orodha ya wahandisi wanaoweza kuitwa kwa muda mfupi, waajiri wao wakiwaruhusu kwenda na kurudi kazini. Nawe usibishane na bosi, mpelekee tarehe, jina la msimamizi na kazi utakayofanya, omba likizo yako.

Jambo la mwisho ambalo vikundi vingi vinalisahau na linaniuma sana: nani atakagua nyaya za daraja na kubadilisha mbao zake zikioza mkishaondoka? Liulize kwenye kikao cha kwanza kabisa, na kama hakuna mtu wa pale pale aliyefundishwa na kupewa vifaa, msianze kuchimba msingi.