Kapibara na beseni la maji

Ndugu yangu, umeuliza kama kapibara, yule mnyama mkubwa wa jamii ya panya wa Amerika Kusini, anaweza kufugwa kwa kuwekewa beseni la maji tu. Nakusihi, usifanye hivyo. Mtazame usoni: macho, masikio na matundu ya pua yako juu kabisa ya kichwa, ili azamishe mwili mzima huku akiendelea kupumua na kuchungulia adui. Vidole vyake vina utando kidogo. Jaguari, paka mwitu mkubwa afananaye na chui, akitokea, kapibara hujitosa majini na kubana pumzi hata dakika 5. Manyoya yake ni machache na ngozi hukauka upesi, ndiyo maana hugaagaa matopeni. Kule Pantanal, eneo kubwa la ardhi oevu nchini Brazil, kiangazi kikikaza makundi husongamana kwenye madimbwi yaliyobaki. Kwa hiyo bwawa la kuzama ni lazima, nyasi tele pembeni, na wenzake. Peke yake huteseka.