Lori Linapochemsha Mlimani, Angalia Kwanza Kati ya Rejeta na Intakula

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Makambako ambaye amenunua lori lake la kwanza kwa fedha za mkopo. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Gari langu linachemsha kila nikipanda Kitonga na mzigo, lakini kwenye tambarare halina shida yoyote. Fundi anasema gasketi ya silinda hedi imeungua na anataka milioni moja na nusu. Nifanyeje?" Nilimjibu usiku uleule, lakini jibu fupi la kwenye simu halikuniridhisha, kwa sababu maneno yale ndiyo niliyokuwa nikiyasema mimi mwenyewe mwaka 2019, nikiwa na mkopo kama yeye na hofu kama yake. Ninaandika makala hii kwa ajili yake na kwa ajili ya kila mwenye lori moja ambaye bado anaota kupata la pili.

Nilinunua lori langu, Scania P94 ya ekseli 3 iliyokwisha kutumika Uingereza, baada ya kuendesha malori ya watu wengine kwa miaka kumi na mmoja. Kazi niliyoipata ilikuwa nzuri: kupakia mbolea Dar es Salaam na kuipeleka Mbarali, kisha kurudi na mchele wa Ubaruku, huko huko Mbarali. Mifuko 300 ya kilo 50 ni tani 15, na lori lile liliubeba mzigo huo kutoka Chalinze hadi Mikumi bila kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Matatizo yalianza baada ya Ruaha Mbuyuni.

Anayeifahamu barabara ile anajua kwamba kabla ya kufika Kitonga unapita kwenye bonde la mibuyu, ambako joto la mchana hukuandama hadi ndani ya kabini. Injini huufikia mlima ikiwa imekwisha kupata moto, na hapo hapo inatakiwa kutoa nguvu zake zote kwa mwendo wa polepole ambao hauleti upepo wa mbele. Hewa yote ya kupoza rejeta wakati huo huvutwa na feni. Karibu theluthi ya joto linalotokana na dizeli inayoungua huingia kwenye maji ya injini, na maji hayo hayana pa kulitua joto hilo isipokuwa kwenye mapezi ya rejeta, yaani vile vijibati vyembamba vilivyopangwa katikati ya mirija. Mapezi yakizibwa, joto hurudi lilikotoka. Kwenye tambarare huwezi kulitambua jambo hili, kwa kuwa mzigo wa injini ni mdogo na upepo wa mwendo hufidia upungufu, na ndiyo maana lori linaweza kukudanganya kwa miezi mingi.

Mara ya kwanza mshale wa joto ulipanda nikiwa katikati ya mlima, mwezi wa Oktoba, saa nane mchana. Niliegesha pembeni, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, na utingo wangu akashuka na madumu kutafuta maji. Aliporudi, alisimama mbele ya lori akachungulia kwenye shoo, yaani ile grili ya mbele, kisha akaniambia: "Bosi, huku ndani kumejaa pumba." Nilitazama, nikaona vumbi na wadudu waliokufa kama ilivyo kwa kila lori. Nilipofika Iringa niliwaambia waosha magari wapige maji shoo ya mbele kwa mashine yao mpaka ing'ae, ikang'aa kweli, na suala la pumba nikalifunga. Utingo yule alikuwa na miaka ishirini na mbili na hakuwa amesomea ufundi popote, nami niliona kwamba hawezi kujua kitu nisichokijua mimi. Ninalikiri jambo hili kwa uchungu, kwa sababu lilinigharimu kuliko kosa lolote nililowahi kulifanya barabarani.

Safari iliyofuata lori likachemsha tena, mapema zaidi. Fundi wa kwanza aliitoa themostati na kuitupa, akisema kwamba sasa maji yatapita kwa uhuru. Wengi wanaamini hivyo, nami niliamini. Sikujua kwamba katika injini nyingi za malori themostati ina kazi mbili: inapofunguka kuyaruhusu maji kwenda kwenye rejeta, huiziba pia ile njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kuiona rejeta kabisa. Lori langu likawa baridi kupita kiasi asubuhi ya Mafinga na moto kupita kiasi mchana wa Kitonga. Fundi wa pili alibadilisha pampu ya maji, ingawa ile ya zamani ilikuwa haivuji wala haipigi kelele. Wa tatu alifungua silinda hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini, akaipeleka kusawazishwa kwa mashine na kuweka gasketi mpya, ile shiti inayoziba kati ya kichwa hicho na injini. Jumla ya fedha zilizonitoka ni shilingi 2,850,000, na siku niliyolichukua lori kwa huyo wa tatu ndiyo siku lilipochemsha tena nikiwa hata nusu ya mlima sijafika.

Mzigo wa siku hiyo ulikuwa mbolea ya wakulima wa mpunga waliokuwa wameisubiri, na ilifika siku nne baada ya tarehe tuliyokubaliana. Mfanyabiashara aliyenipa kazi hakugombana nami. Alinilipa chote nilichokuwa nakidai, akanishukuru, na hakunipigia simu tena. Hadi leo nikikutana na malori yanayobeba mzigo wake huwa nayahesabu bila kutaka.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Mafinga ambaye gereji yake ilikuwa na paa la mabati manne tu. Hakuuliza nimebadilisha nini. Aliuliza ninapakia nini na ninapakilia wapi. Nilipomtajia mashine za kukoboa mpunga, aliagiza kabini iinuliwe, akangoja giza liingie, akawasha tochi upande wa injini na kuniambia nikachungulie mbele. Sikuona hata chembe ya mwanga. Hapo alifungua shoo, akalegeza nati za intakula, ambayo ni ile rejeta ya mbele inayopoza hewa itokayo kwenye tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, akailaza mbele kidogo. Katikati ya intakula na rejeta kulikuwa na kitu kama mkeka: pumba, vumbi la Mbarali, mbegu za nyasi na mabawa ya wadudu, vyote vimegandishwa kwa mafuta yaliyokuwa yakivuja kidogo kidogo kwenye kiungio cha paipu ya tabo. Unene wake ulifika nusu ya kidole changu, na uliziba zaidi ya nusu ya uso wa rejeta.

Nilikaa chini. Utingo wangu alikuwa amesimama pale pale na hakusema neno, jambo ambalo ninamheshimu kwalo hadi leo.

Mzee alinieleza kilichotokea. Tulipokuwa tukisubiri kupakia, nilikuwa naacha injini inanguruma karibu na milima ya pumba, na feni ilikuwa ikizivuta pamoja na hewa. Kubwa zilipenya kwenye nafasi za pembeni mwa intakula, vumbi laini lilipita katikati yake, na vyote vilinaswa na mapezi ya rejeta ambayo yamebanana zaidi. Kila nilipoosha kwa kupiga maji kutoka mbele, niliusukuma uchafu ndani zaidi na kuushindilia. Kwa hiyo kuosha kwangu kulikuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Sasa nisikilize, wewe kijana wa Makambako na wengine wenye shida kama yake. Uchafu uliingia kwa kufuata mwelekeo wa hewa, kutoka mbele kwenda nyuma, na lazima utoke kwa kurudi njia hiyo hiyo. Ngoja injini ipoe kabisa. Inua kabini, tenganisha intakula na rejeta, kisha anza na upepo wa kompresa kutoka upande wa feni kuelekea mbele, uchafu ukiwa bado mkavu. Ukiulowesha kwanza, vumbi litageuka tope na pumba zitavimba. Uchafu mkavu ukiisha, paka maji ya sabuni ya kuondoa mafuta, yaache dakika kumi hivi, halafu suuza kwa maji ya bomba la kawaida, bado kutoka nyuma. Mashine ya waosha magari inaweza kuyalaza mapezi kama nyasi zilizokanyagwa, na pezi lililolala halipitishi hewa. Ukilazimika kuitumia, simama mbali na uelekeze maji moja kwa moja, si kwa ubavu. Usikubali mtu akuoshee rejeta kwa magadi makali ya kuzibulia mabomba, kwa kuwa rejeta nyingi za malori ya sasa ni za alumini, na magadi hayo huila alumini. Rudia mpaka maji yatoke meupe, kisha weka tochi nyuma yake usiku. Mwanga ukionekana sawasawa kutoka kona hadi kona, kazi imekwisha. Ukiona madoa meusi, rudia.

Tafuta pia chanzo cha mafuta. Pumba kavu hudondoka zenyewe mara nyingi, lakini pumba zilizolowa mafuta hushika kama lami. Mimi nilibadilisha kibano kimoja cha paipu kwa bei ndogo kuliko chakula cha mchana.

Sisemi kwamba gasketi haziungui. Lakini gasketi iliyoungua hujitambulisha: utaona mapovu yakipanda kwenye tenki la maji injini ikiwashwa tu bado baridi, maji yanapungua bila kuvuja popote, moshi mweupe haukomi, au oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Lori linalochemsha mlimani tu na kutulia kwenye tambarare, bila dalili hizo, linalalamikia hewa kabla ya kitu kingine. Angalia kati ya rejeta na intakula. Angalia kama mkanda wa feni umelegea, na kama klachi ya feni, ile inayoiunganisha feni na injini, inashika: zima injini ikiwa ya moto, weka funguo yake mfukoni mwako, kisha izungushe feni kwa mkono. Kwa klachi ya aina ya mafuta mazito, feni inatakiwa kukupa ukinzani. Ikizunguka kwa uhuru kama pangaboi, klachi imekufa. Halafu rudi tena uangalie kati.

Kuhusu ndani ya rejeta nitasema machache. Maji ya kisima huacha chumvi na kutu kwenye mirija, na ndiyo sababu sasa ninatumia kulanti, yaani dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Iringa mjini pana mwinuko wa mita 1,500 na ushei, na kwenye mwinuko huo maji matupu huchemka yakifika nyuzi joto 95 tu. Mfuniko unaoshika presha pamoja na kulanti huongeza kiwango hicho kwa nyuzi nyingi, kwa hiyo mfuniko uliolegea ni hasara kubwa ingawa bei yake ni ndogo. Usiufungue injini ikiwa ya moto, wala usimwage maji baridi ndani ya injini iliyochemka, kwa maana hedi inaweza kupasuka na hapo fundi wa milioni moja na nusu atakuwa na haki yake. Kulanti ya zamani usiimwage chini. Ina utamu, na mbuzi au mbwa akiinywa anaweza kufa.

Ninawasihi pia wenye malori wenzangu tuache kiburi cha usukani. Utingo ndiye anayelala chini ya lori, anayeliosha na kulisikia likivuja. Anapokuambia ameona kitu, shuka ukakitazame kwa macho yako, na ukitazame mpaka mwisho, si kwa kuchungulia kama nilivyofanya mimi. Tuache pia tabia ya kumwendea fundi tukiwa na jina la ugonjwa mdomoni. Mwambie lori linachemsha wapi, saa ngapi, na mzigo gani, kisha umsikilize anauliza nini. Fundi anayeshika spana kabla hajauliza swali, mkimbie.

Tangu usiku ule wa Mafinga ninaitenganisha intakula na rejeta kila baada ya miezi miwili, na kila mwezi katika msimu wa kukoboa mpunga. Nikifika Ubaruku ninazima injini na kuegesha mahali ambako upepo hauniletei pumba. Kazi nzima huchukua nusu siku na hunigharimu sabuni pamoja na shilingi 20,000 za kompresa. Nimepanda Kitonga na tani zile zile 15, mchana, mwezi wa Oktoba, na mshale haukuvuka katikati. Utingo wangu sasa ana leseni na ndiye anayeendesha lori langu la pili.

Kijana wa Makambako ameniambia kwamba ataifungua shoo Jumamosi jioni. Nimemwomba aazime tochi yenye mwanga mkali, apige picha ya atakachokiona, na anipigie kabla ya mtu yeyote kugusa bolti hata moja ya silinda hedi.