Uyoga umekwisha kuvunwa, mabaki je?

Mifuko yangu ya uyoga chaza imetoa mikupuo mitatu na sasa imenywea. Naweza kuweka mbegu mpya humo humo?

Unaweza, ila mavuno ya mwanzo yasahau. Uyoga umeshakula chakula kilicho rahisi. Wanaofanikiwa huchanganya mabaki kidogo (mabua au maranda yaliyokwisha kuotesha uyoga), tuseme robo, na mabua mapya, wakaongeza pumba, kisha wakachemsha upya mchanganyiko wote. Hapo kwenye kuchemsha ndipo wengi hukwepa ili kuokoa kuni, na ndipo panapowaponza: mfuko uliokaa bandani muda mrefu huwa umeshaingia ukungu wa kijani, nao hukimbia kuliko mbegu yako. Ukiona hata doa moja, usiurudishe bandani. Mimi ningeyapeleka yote shambani. Kilo moja ya uyoga huacha takriban kilo 5 za mabaki mabichi. Hiyo ni mbolea ya kutosha kuhesabiwa kama zao la pili.

Nilichimbia mabaki ya maranda kwenye tuta, miche ikageuka njano. Yana sumu?

Hayana. Maranda yana kaboni nyingi na naitrojeni haba, hivyo vijidudu vinavyoyaozesha huichota naitrojeni ya udongoni na miche ikalala njaa. Yarundike kwanza pamoja na samadi, yawe na unyevu wa kutoa tone moja mawili ukikamua, uyageuze kila baada ya siku chache. Katikati ya rundo pakifika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, kazi inakwenda. Likipoa na kunukia udongo, tumia. Kama una haraka, yatandaze juu ya udongo bila kuyafukia.

Mabaki ya uyoga kifungo, aina nyingine ya uyoga, yana chumvi zaidi, kwa hiyo yaache yanyeshewe miezi kadhaa kabla ya kugusa miche michanga. Na kwa kuwa yana chokaa, usiyapeleke kwenye shamba la chai, maana mchai hupenda udongo wenye asidi.

Ng'ombe wanayapenda. Niwape?

Yakiwa ya mabua ya nafaka na hayana ukungu, wape kidogo ndani ya malisho ya kawaida. Maranda, hapana. Toa kila kipande cha plastiki.

Rundo liko nyuma ya banda, na visubi wamejaa.

Lihamishe leo. Wanazaliana humo, kisha wanaingia bandani kutaga kwenye mifuko mipya, miguu imebeba ukungu. Liweke mbali, mahali ambapo upepo hautoki kwenye rundo kuelekea bandani.