Jibu: Je, elimu ya ulimwengu ni sayansi kweli?

Ndugu yangu, umeuliza elimu ya ulimwengu, yaani elimu ya chanzo na mabadiliko ya ulimwengu mzima, inatofautianaje na hadithi za kubuni, ilhali hakuna awezaye kuutia ulimwengu maabarani na kuuanzisha upya. Naona swali limeanzia mahali pasipofaa, kwani kinachoifanya elimu kuwa sayansi si maabara, bali ni kukubali kutoa utabiri unaoweza kukanushwa na vipimo.

Mwaka 1948 wanafizikia Ralph Alpher na Robert Herman walikokotoa kwamba, endapo ulimwengu ulianza ukiwa na joto kali na msongamano mkubwa, basi mabaki ya mnururisho (nishati isafiriyo kama mwanga) wa wakati huo yangali yametapakaa angani, yakiwa na halijoto ya takriban nyuzi 5 tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya chini kabisa iwezayo kuwapo. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba antena yao huko New Jersey, Marekani, ilikuwa ikinasa mnururisho wa namna hiyo kutoka kila upande, na vipimo vya baadaye vikaonyesha nyuzi 2.7. Nadharia shindani, iliyodai kwamba ulimwengu hauna mwanzo na hubaki vilevile daima, ilishindwa kulieleza jambo hilo, ikaachwa na wengi. Hadithi haishindwi namna hiyo.

Nasi tulio hapa Nairobi tusidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa ng'ambo tu: setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza eksrei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru.